Kadi iliyochimba sarafu, iliyochezewa gemu au mpya ya bei ya chini: uchukue ipi?

Juu ya kaunta kulikuwa na kadi mbili za michoro, zile zinazochora picha za kompyuta, zote RTX 3060 Ti na zote za mtumba, bei zikipishana kidogo tu. Muuzaji wa kwanza alisema bila kupepesa macho: "Hii ilikuwa inachimba Ethereum, miezi kumi na kitu," yaani ilikesha ikifanya hesabu za kumpatia mwenyewe sarafu ya kidijitali. Wa pili aliapa kwamba yake ilikuwa ya kijana wa chuo aliyekuwa akicheza gemu jioni tu, tena wikiendi. Mteja wangu aliitaka ya pili, mimi nikamshauri ya kwanza. Akachukua ya pili. Wiki ya tatu alirudi nayo ikitoa mistari ya rangi kwenye skrini. Nilipoifungua nikakuta pedi za joto zimechuruza mafuta hadi ukingoni mwa ubao, dalili ya kadi iliyokaa motoni mfululizo kwa muda mrefu. Ile "kadi ya chuo" pengine ilichimba kuliko ile iliyokiri.

Sisemi kwamba kadi zilizochimba ni nzuri. Nyingine ni mizoga. Ila swali ambalo kila mnunuzi huanza nalo, "ilichimba au haikuchimba?", jibu lake huna njia ya kulihakiki, na siku hizi hata muuzaji mwenyewe mara nyingi halijui. Ethereum, sarafu iliyokuwa ikila kadi za michoro kuliko zote, iliachana na uchimbaji tarehe 15 Septemba 2022. Wachimbaji wakakimbilia sarafu ndogo kama Ethereum Classic na Ravencoin, wakajazana huko, faida ikayeyuka, wakaanza kuuza. Kwa hiyo kadi unayoonyeshwa leo Kariakoo au Luthuli Avenue huenda ilichimba China, ikapita Dubai, ikachezewa gemu na mtu wa Nairobi kwa mwaka mzima, ndipo ikafika mbele yako. Utaiita ya mchimbaji au ya mcheza gemu? Ni ya wote wawili.

Kuna kundi moja tu linalojijibu lenyewe, nalo ni kadi zilizotoka baada ya tarehe hiyo. RX 7600 ilitoka Mei 2023 na RTX 4060 ikafuata Juni. Hizo hazikuiwahi Ethereum, kwa hiyo ukiikuta ya mtumba huna haja ya kumwapisha mtu.

Na tuondoe jambo moja njiani. Bitcoin haichimbwi kwa kadi za michoro. Mashine zake maalumu, zile ASIC, zilizifukuza kadi kwenye kazi hiyo tangu miaka ya 2013. Mitambo ya bitcoin inayotumia umeme wa maji kule Virunga, Kongo, au ile ya kampuni ya Gridless nchini Kenya, haimwagi kadi yoyote sokoni. Akikwambia mtu kadi yake "imetoka kwenye bitcoin za hapa jirani", hilo tayari ni jibu kuhusu muuzaji.

Kuchimba kunachosha nini hasa

Hapa nitakaa kidogo, maana ndipo maamuzi yote yanapotoka.

Hesabu ya Ethereum iliitwa Ethash, na Ethash haikutaka sana nguvu ya chipu kuu. Ilitaka memori yenye kasi. Kila jaribio moja lilisoma vipande 64 vya baiti 128 kutoka kwenye faili kubwa lililolala ndani ya memori ya kadi, jumla yake kilobaiti 8 hivi. RTX 3060 Ti husoma gigabaiti 448 kwa sekunde. Gawanya, unapata majaribio kama milioni 55 kwa sekunde. Wachimbaji waliikimbiza memori kidogo zaidi wakafika milioni 60. Sasa iangalie RTX 3070. Ni ghali zaidi na chipu yake ina nguvu zaidi, lakini memori yake ni ya gigabaiti 448 zilezile, na yenyewe ilikomea kwenye milioni 60 zilezile. Chipu kubwa haikuwa na la kufanya.

Kwa sababu hiyo mchimbaji anayeijua kazi yake alipunguza umeme wa chipu kuu. 3060 Ti iliyoundwa kula wati 200 aliiendesha kwa wati 120 na kitu. RTX 3080 ya wati 320 aliishusha hadi karibu 220. Hakuwa anaihurumia kadi. Kila wati aliyoiokoa iliingia mfukoni mwake. Matokeo yake chipu kuu iliishi kwa starehe kuliko ingeishi kwa mcheza gemu, ambaye huipandisha hadi nyuzi 80, akaizima aende kula, akarudi kuipandisha tena. Kupanda na kushuka huko ndiko kunakotanua na kubana vidoti vya lehemu chini ya chipu, mara elfu na zaidi, hadi kimoja kipasuke. Kadi ya mchimbaji ilipanda mara moja ikakaa hapohapo wiki nzima.

Huo ni upande wa asali. Shubiri iko kwenye feni, pedi na memori.

Feni hesabu yake ni nyepesi. Mwaka mmoja wa kuchimba bila kuzima ni saa 8,760. Mtu anayecheza saa 3 kila siku hufikisha saa 1,095. Kwa feni, mwaka wa mchimbaji ni miaka 8 ya mcheza gemu, na hapo sijahesabu kwamba kadi nyingi za kisasa husimamisha feni kabisa zikiwa hazina kazi. Pedi za joto, vile vipande laini kama ulimbo vinavyopeleka joto la memori kwenye vyuma vya kupozea, hukauka, huchuruza mafuta, huacha kugusa. Lakini feni huagizwa, na pedi hukatwa kwa mkasi. Alasiri moja ya kazi na gharama ndogo, mradi uwe na unene sahihi wa pedi kwa modeli yako, maana ukiweka nene kupita kiasi chuma hakiigusi chipu kuu na unakuwa umebadilisha tatizo tu.

Memori ndiyo haina alasiri moja. Kuibandua na kuipachika nyingine kunataka mashine ya hewa ya moto, chipu zenyewe, na fundi ambaye mkono hautetemeki. Wapo, lakini bei yao ukiijumlisha na ya kadi, ungenunua mpya. Ndiyo maana ninapolinganisha kadi za mtumba, kitu cha kwanza ninachotazama ni aina ya memori.

RX 580 ina GDDR5. GTX 1660 Super, RTX 3060, 3060 Ti ya kawaida, 3070 na RX 6600 ya kawaida zina GDDR6. Hizi huvumilia. RTX 3070 Ti, 3080, 3080 Ti na 3090 zina GDDR6X, na hiyo ni moto mwingine. Kadi zake hujipunguzia kasi memori inapofika nyuzi 110, na 3080 zilizochimba na pedi za kiwandani kuvuka 100 lilikuwa jambo la kila siku. 3090 ndiyo mbaya zaidi kwa muundo: nusu ya chipu zake za memori ziko mgongoni mwa ubao, ambako feni haifiki, zikitegemea bamba la nyuma tu.

Jambo la pili ninalolitazama ni mahali kadi ilipokaa, na hili watu wa pwani mnalijua kuliko wanaotuandikia maelezo kutoka nchi za baridi. Kadi iliyochimba miaka 2 kwenye ghala kavu lenye baridi hunirudia ikiwa safi, vumbi tu. Kadi "ya gemu" iliyokaa miaka 2 kando ya dirisha Oysterbay au Nyali hunirudia na ukungu wa kijani kwenye maganda ya tundu za HDMI na skrubu zilizoota kutu. Chumvi ya bahari haijali ulikuwa unacheza au unachimba. Halafu kuna zilizooshwa. Mwaka 2022 zilisambaa picha kutoka Vietnam za kadi za wachimbaji zikipigwa maji ya presha kama pikipiki, tayari kwa kuuzwa. Kadi ya mtumba inayong'aa kuliko inavyostahili umri wake hunitia wasiwasi zaidi ya yenye vumbi.

Kadi kwa kadi

| Kadi | Ilitoka | Memori | Wati | Ikiwa ilichimba |
|---|---|---|---|---|
| RX 580 GB 8 | Aprili 2017 | GDDR5 | 185 | Chukua kwa bei ya kutupa tu, angalia BIOS (programu ya ndani ya kadi) |
| GTX 1660 Super GB 6 | Oktoba 2019 | GDDR6 | 125 | Sawa, feni uzihesabu |
| RTX 3080 GB 10 | Septemba 2020 | GDDR6X | 320 | Bora ya mcheza gemu |
| RTX 3060 Ti GB 8 | Desemba 2020 | GDDR6 | 200 | Ndiyo, bila aibu |
| RTX 3060 GB 12 | Februari 2021 | GDDR6 | 170 | Ndiyo, hasa kwa kazi |
| RX 6600 GB 8 | Oktoba 2021 | GDDR6 | 132 | Itafute mpya kwanza |

Safu hazilingani uzito, kwa hiyo nieleze zile zenye mtego.

RX 580 ndiyo iliyojaa zaidi na ndiyo yenye ujanja mwingi. Ujanja wa kwanza ni BIOS. Wachimbaji waliiandika upya ili memori ijibu haraka, na ukiichomeka kwenye Windows ya kawaida draiva (programu ya kuiendesha kadi) ya AMD, watengenezaji wa kadi za RX, huikataa. Mnunuzi hudhani kadi imekufa, huirudisha au huiuza kwa hasara, kumbe ilihitaji kurudishiwa BIOS yake ya kiwandani. Baadhi ya modeli, kama Sapphire Nitro+, zina swichi ndogo pembeni yenye BIOS mbili. Isogeze upande wa pili kabla hujakata tamaa. Ujanja wa pili ni jina. Kuna "RX 580 2048SP" iliyotengenezwa kwa soko la China, na hiyo kwa kweli ni RX 570 yenye jina la kaka yake. RX 580 halisi ina viini (vitengo vya hesabu ndani ya chipu) 2304. Programu ya GPU-Z itakuonyesha namba hiyo kwa sekunde moja. Ujanja wa tatu ni wa maneno: "Hii ni GB 4, hazikuchimba." Ni nusu ya kweli. Lile faili la Ethash lilikuwa likikua, na mwishoni mwa Desemba 2020 lilivuka gigabaiti 4, kadi za GB 4 zikatemwa na Ethereum. Ila kabla ya hapo zilichimba miaka, na baada ya hapo nyingi zilihamia Ethereum Classic, ambayo Novemba 2020 ilikuwa imepunguza faili lake makusudi. GB 4 haithibitishi usafi wowote, na kwa gemu za leo hainitoshi hata ikiwa safi.

Isitoshe, tangu mwishoni mwa 2023 AMD imeiweka RX 580 na wenzake kwenye draiva za matengenezo tu. Kwa ukumbi wa gemu wa mtaani wenye GTA V na eFootball bado ni farasi wa kazi. Kwa mtu anayenunua kadi moja ya kukaa nayo miaka 3, nisingeichukua.

GTX 1660 Super haina sifa za kutamba nazo, ndiyo sababu naipenda. Haili umeme, tundu moja la pini 8, na mtambo wake wa kurekodi video ni wa kizazi kimoja na RTX 2000, kwa hiyo anayerusha mechi zake mtandaoni haoni tofauti. Usibadilishane nayo na GTX 1060 au 1070 kwa sababu tu muuzaji amesema "ni karibu sawa": NVIDIA, watengenezaji wa kadi za GTX na RTX, ilikata draiva mpya za gemu kwa kizazi cha GTX 1000 mwaka 2025, na 1660 Super haimo kwenye kundi hilo.

3060 Ti na 3070 nilishazisema. Kwa macho ya mchimbaji zilikuwa sawa. Kwa macho ya mcheza gemu 3070 huizidi 3060 Ti kwa asilimia 10 hadi 15. Ukikuta muuzaji asiyejua anaziuza bei moja, chukua 3070. Kama pengo la bei ni kubwa kuliko hilo la nguvu, chukua 3060 Ti na ubaki na hela ya pawasaplai, kile kisanduku kinachogawa umeme ndani ya kompyuta.

RTX 3060 ya GB 12 ina kisa chake. NVIDIA iliiuza tangu siku ya kwanza ikiwa na kizuizi cha kupunguza kasi ya kuchimba Ethereum kwa nusu, halafu yenyewe ikatoa kwa makosa draiva ya majaribio iliyokiondoa kizuizi. Kwa hiyo usidanganywe na "hii ilikuwa na kizuizi, haikuchimba". Zilichimba. Lakini memori ni GDDR6, wati ni 170, na GB 12 ni nyingi. Kwa anayehariri video za harusi kwenye DaVinci Resolve, au anayefanya kazi za picha za 3D kwenye Blender, hiyo memori humwokoa pale 3060 Ti yenye GB 8 inapomtupia ujumbe wa kujaa. Kwa gemu tupu 3060 Ti ni bora. Kwa riziki ya studio naichagua 3060. Angalizo moja: zipo "3060" zilizojengwa kwa chipu za laptopu, ubao mpya, boksi jipya. Zina GB 6 na viini 3840, wakati ya mezani ina GB 12 na viini 3584. Viini vikizidi, usifurahi.

Halafu kuna kadi zilizozaliwa kuchimba tu: P106-100 ya 2017, na familia ya CMP HX ambayo NVIDIA iliitangaza Februari 2021. Hazina tundu hata moja la skrini, na njia yao ya kuzungumza na mazabodi, ubao mkuu wa kompyuta, imebanwa. Kuna vijana wameziendesha kwa kupitisha picha kwenye chipu ya michoro ya prosesa, na ninawavulia kofia. Mteja simuuzii.

Mpya inaingia wapi? RX 6600 kama bado ipo dukani, ama RTX 4060, huja na kitu ambacho hakuna mtumba unacho: mtu wa kumrudia. RX 6600 pia haikuwa kipenzi cha wachimbaji wengi, memori yake ikiwa ya gigabaiti 224 kwa sekunde tu, majaribio milioni 28 hivi. Udhaifu wake ni kwamba hutumia njia 8 tu kati ya 16 za mazabodi, kwa hiyo kwenye kompyuta ya zamani hupoteza kidogo. Lakini ninapoweka mezani RX 6600 mpya na 3060 Ti iliyochimba kwa bei ileile, 3060 Ti hushinda kwenye kila gemu nililojaribu, ila siku feni ikikata ndipo utakapoona kwamba kwenye mpya ungekuwa unamlipia mtu wa kumrudia. Mtu asiye na fundi wa karibu, yuko Sumbawanga au Lamu, nampeleka kwenye mpya bila kufikiri mara mbili.

Kompyuta utakayoipachika

Hili huamua mengi kuliko wengi wanavyodhani. Kompyuta nyingi zinazonunuliwa kwetu ni za mtumba wa ofisini kutoka Uingereza, Dell OptiPlex na HP EliteDesk. Pawasaplai zake nyingi hazifiki wati 300, na hazina nyaya za pini 8. Muuzaji atakupa kamba ya kubadilisha SATA, plagi ndogo ya umeme wa diski, kuwa pini 6 na kukwambia "inakubali". Inakubali hadi siku plastiki itakapoyeyuka. Wachimbaji wenyewe walijifunza hilo kwa moto, walipotumia kamba hizohizo kulisha raiza zao, vile vibao vya kuunganisha kadi nyingi mbali na mazabodi. Ukiona tundu la umeme la kadi limegeuka rangi ya kahawia, umeona masalia ya somo hilo.

Kwenye boksi dogo la ofisini, hata 1660 Super hukudai ubadilishe pawasaplai, na Dell nyingi zina plagi yao isiyo ya kawaida, kwa hiyo adapta nayo. Jumlisha hizo kwenye bei ya kadi kabla hujalinganisha. Mara kadhaa nimemfanyia mtu hesabu hiyo mbele yake, 3080 ya mtumba "rahisi" ikageuka kuwa ghali kuliko RTX 4060 mpya ya wati 115, kwa sababu 3080 ilimdai pawasaplai ya wati 750 na yenye ubora wa kweli, si ya kibandiko.

Dakika 30 kwa muuzaji

Kadi isiyowekwa kwenye umeme mbele yako ni picha tu. Nenda na flashi yenye programu za kupima kadi: GPU-Z, HWiNFO na OCCT.

Kabla ya umeme, inuse. Harufu ya kuungua haifichiki. Zungusha feni kwa kidole. Ikisugua au ikiyumba, punguza bei ya feni kwenye bei ya kadi. Tazama meno ya dhahabu ya chini: kadi iliyoishi kwenye raiza mara nyingi ina mikwaruzo ya kuchomolewa mara nyingi. Skrubu zilizochunwa si kosa. Muulize nani alifungua na aliweka pesti gani ya kupitisha joto la chipu. Jibu la mtu aliyefanya kazi hiyo kwa mkono wake hulitambua.

Ikiwaka, GPU-Z kwanza: jina, viini, ukubwa wa memori. Kwa kadi za zamani kabisa zilizoandikwa jina la uongo, kama zile GTS 450 zinazojiita GTX 1050 Ti, GPU-Z huweka neno la tahadhari mbele ya jina. Halafu jaribio la memori la OCCT, si chini ya dakika 10, hadi kadi ipate moto. Kosa moja tu, shukuru uondoke. Watu wengi huishia kwenye programu ya FurMark, lakini FurMark huikamua chipu kuu, na kwa kadi iliyochimba chipu kuu ndiyo yenye afya. Unampima mgonjwa wa ini kwa kumtazama meno.

Kwenye HWiNFO tazama pengo kati ya joto la kawaida la chipu na sehemu yake yenye joto zaidi. Likizidi nyuzi 20 hivi, pesti imekauka. Joto la memori utaliona kwenye kadi za AMD za karibuni na kwenye zile za GDDR6X. 3060 Ti na 3070 hazilionyeshi, kwa hiyo usimlaumu muuzaji kwamba ameficha. Na kumbuka dukani mna kiyoyozi. Nyuzi 95 za memori Kariakoo kwenye ubaridi ni zaidi ya 100 nyumbani kwako Tandika mwezi wa pili.

Jaribu tundu zote za skrini. Mchimbaji hakuzitumia kabisa, na hicho ni kitu kimoja ambacho kadi zao huwa nacho kikiwa kipya.

Bei ninayokubali

Ninaanza na kadi mpya dukani inayofanya kazi sawa na hiyo ya mtumba, bei ya leo, si ya mwaka jana. Iliyochimba, yenye GDDR5 au GDDR6, ikipita nusu ya bei hiyo siichukui. Ya mcheza gemu, yenye boksi na risiti yenye tarehe, nafika theluthi mbili. "Ya mcheza gemu" isiyo na karatasi yoyote naihesabu kuwa ilichimba, basi. GDDR6X iliyochimba nalipa theluthi, nikijua pedi nitabadilisha siku hiyohiyo. 3090 naigusa tu kwa mtu anayehitaji zile GB 24 kwa kazi, na ambaye anaelewa kwamba bamba la nyuma litahitaji feni yake.

Muda wa kurudisha uulizie, tena uandikwe. Wiki moja inatosha kwa mtu atakayeitumia kweli siku hizo 7. Mwezi ni bora, na muuzaji anayekubali mwezi mara nyingi ni yule aliyeanza kwa kusema "hii ilichimba".

Yule mteja wangu hakuwa na karatasi. Tulibadilisha pedi, mistari ikapungua, haikuisha; memori moja ilikuwa imeshaondoka. Sasa anatumia 1660 Super na anaisema vibaya kila siku. Ile 3060 Ti iliyokiri ilinunuliwa na studio moja ya video Sinza siku mbili baadaye. Nimeiona mara moja tu tangu hapo, mwezi wa sita, nilipoitwa kubadilisha feni ya kati.